Kombe Linalovuja Lafika Sange

Nilikwenda Sange kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, na nalisema mapema ili mtu asidhani nilisafiri kwa ukarimu. Mimi ni sekretere wa timu yetu ya wasichana wa Nguba, hapa Bukavu. Siku za kazi nachapa barua katika ofisi ya parokia. Napenda orodha. Jina likiandikwa vibaya hata kwenye tangazo la harusi, sipati raha mpaka lirekebishwe.

Tulipokwenda Kinshasa kwenye mashindano ya taifa ya vijana, fomu ya wachezaji ilikuwa na mistari kumi na minane, na wasichana wetu walikuwa kumi na tisa. Wa kumi na tisa alikuwa Riziki, kipa wa akiba, aliyejiunga nasi wiki ya mwisho. Jina lake nililiandika nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mzuri sana. Tukachukua ubingwa. Waliogawa medali walisoma upande wa mbele tu, wakatoa kumi na nane. Riziki alishuka jukwaani mikono mitupu, nami nikamwambia, "Tutakutumia," kama mtu anavyosema akitaka kuondoka haraka. Medali haikuja.

Kombe lenyewe, tusidanganyane, si kitu cha ajabu. Linang'aa vizuri ukiliangalia kwa mbali, lakini chini lina parafujo iliyokaa vibaya, na hapo ndipo linapovuja. Tuligundua siku ileile, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, wasichana walipolijaza juisi. Juisi ilianza kutiririka, wakacheka, mmoja wao akaziba kwa kidole, wote wakanywa. Mimi nilikuwa mlangoni napiga picha kwa simu.

Ubingwa ni wa mwaka mmoja, kisha kombe hurudishwa. Kwa hiyo huku kwetu tuna desturi yetu: kombe linalala nyumba kwa nyumba, kila mchezaji siku yake, na katika kila nyumba mama mzazi analijaza kinywaji, familia inakunywa. Ratiba niliipanga mimi. Nyumba kumi na nane. Bado nilikuwa nasoma upande wa mbele tu.

Siku chache kabla ya kulirudisha nikapigiwa simu na baba yake Riziki. Binti huyu anasoma Bukavu, anakaa kwa shangazi yake, na likizo alikuwa amerudi nyumbani.

"Maman sekretere, mutoto anasema alienda Kinshasa na ninyi. Batu ba hapa banamucheka. Medali hana, ku ile picha ulinitumia haiko. Alikuwa wapi ile wiki?"

Nikamhakikishia kwamba alikuwa nasi. Nikasema nitamwandikia barua yenye muhuri.

"Karatasi yenu ya kwanza ilikataa jina yake," akajibu. "Sasa karatasi ingine inasema iko. Mimi niamini gani? Hapana, maman. Masomo ya Bukavu imeisha, na mupira pia."

Nilikaa na simu mkononi, nikaona haya. Msichana mzima alikuwa anapoteza shule na kiwanja kwa ajili ya mstari mmoja uliokosekana. Nikakata shauri kwenda, kombe lilale kwao pia kama kwa wenzake.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka Nguba, ziwa likiwa bado limefunikwa na ukungu. Kombe nilikuwa nimelifunga katika blanketi dogo, juu yake kitenge. Papa Deo, dereva wa taksi anayekwenda Uvira kupitia Sange, alinipa kiti cha mbele. "Umuchunge mutoto, maman," akasema, nami sikumsahihisha.

Baada ya Nyangezi barabara inaanza kushuka milima ya Ngomo, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine hakuna kitu. Watu wanaosema hawaogopi Ngomo sijui huwa wanatazama wapi. Mimi nilifumba macho, nikasali, nikalikumbatia kombe mpaka likaniachia alama kifuani.

Kwenye kizuizi kimoja askari kijana aliinamia dirisha. "Mutoto ana nini, maman? Halii."

"Si mutoto. Ni kupe," nikasema, kama tunavyoliita kombe huku kwetu.

Ikabidi nifungue. Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza kwenye jua, akawaita wenzake. "Njo hii ya banamuke ba Bukavu?" Wakalipokezana bila haraka, kila mmoja akasoma maandishi kwa sauti. Kisha akanirudishia, akauliza kama binti yangu alikuwa anacheza. Nikasema ndiyo, ninakwenda kumwona.

Kamanyola joto lilitupokea, na sweta la Bukavu likageuka adhabu. Kuanzia hapo ni bonde la Ruzizi: mashamba ya mpunga, nyanya zilizopangwa kandokando ya barabara, ng'ombe wanaovuka kwa wakati wao. Luvungi tulisimama kununua maji. Njia nzima nilikuwa nikitunga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu, na nilikuwa nimechapa pia orodha mpya yenye majina kumi na tisa, yote upande wa mbele.

Saa sita kasoro tukaingia Sange. Papa Riziki, mkulima wa mpunga, mrefu, mwenye maneno machache, alinisubiri barabarani. Alinibebea mfuko, lakini kombe hakuligusa.

Nyumbani majirani walikuwa wamejaa sebuleni hadi uani. Riziki alikuwa ameketi karibu na mlango, amekonda, hatazami mtu. Nilipomsalimia alisema, "Karibu, maman," basi. Roho iliniuma. Kule Kinshasa huyu ndiye alikuwa akituimbisha ndani ya basi.

Nikaweka kombe mezani, nikasoma orodha yangu. Walisikiliza kwa adabu. Papa Riziki akashukuru, kisha akasema kwa upole, "Kupe tumeiona, maman. Lakini kuleta kupe, hata mimi naweza kuleta kupe. Haionyeshi nani alikuwa kule." Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali. Sehemu zangu mbili za hotuba zilizobaki zilinikaukia mdomoni.

Maman Riziki akaona aokoe mambo. Hawa ni watu wa kanisa lisilogusa pombe. Yeye alileta jagi la maziwa, akasema mgeni hawezi kukaa na koo kavu, na kwamba kama desturi ni kunywa, watakunywa. Akaliinua jagi. Mimi, kwa jinsi nilivyochanganyikiwa, nikasahau kabisa kuwaonya kuhusu lile tundu.

Riziki aliinuka. Alivuka sebule kabla tone la kwanza halijaanguka, akalinyanyua kombe, akapitisha mkono wa kushoto chini yake na kukandamiza kidole gumba, bila kutazama, pale pale penye parafujo.

"Mimina, maman," akasema.

Maziwa yakajaa. Hakuna tone lililodondoka.

"Juu ya nini unaishika vile?" akauliza baba yake.

"Inavuyaka, papa. Kule Kinshasa njo mimi niliifunga na kidole, benzangu bakakunywa."

Papa Riziki akanigeukia. "Ulimuambia?"

"Sijamwambia mtu yeyote hapa," nikasema.

Akamrudia binti yake. "Toa kidole."

Akatoa. Maziwa yakaanguka tone kwa tone, halafu kwa uzi mwembamba, juu ya kiatu cha baba yake kilichopakwa rangi kwa ajili ya mgeni. Akayatazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama maziwa.

"Rudisha," akasema. Akainama, akanywa kutoka kombeni huku binti yake amelishika. Aliponyanyuka, masharubu yalikuwa meupe na macho yamelowa. "Masomo inaanza lini?"

"Lundi, papa," akajibu, yaani Jumatatu.

"Basi ufunge mizigo."

Mama mtu akapiga vigelegele, na majirani waliokuwa wakimcheka wakapanga foleni ya kunywa. Riziki aliwashikilia wote.

Alfajiri iliyofuata tulirudi pamoja, kombe mapajani mwake. Kwenye kizuizi yule askari aliuliza, "Njo mutoto mwenyewe?" Riziki akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Kupanda Ngomo, safari hii sikufumba macho. Nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Siku mbili baadaye nilipanda hadi uwanja wa ndege wa Kavumu kulikabidhi kombe kwa mjumbe wa mashindano. Alilinusa, akanitazama. Nilikuwa nimeliosha mara tatu.

Nikarudi ofisini. Ukutani, juu ya meza yangu, ipo ile picha ya chumba cha kubadilishia nguo, ileile niliyomtumia Papa Riziki kama ushahidi na ikamhukumu binti yake. Mwaka mzima nimeketi chini yake. Nyuso ni kumi na nane, kweli. Kapteni analinyanyua kombe kwa mikono yake miwili, huku na huku, anakunywa. Na chini ya kombe, kutoka nyuma ya mgongo wake, kimetokeza kidole gumba ambacho si chake.

Nikaishusha picha, nikachukua kalamu, nikaandika jina lake upande wa mbele.