Panya Aliyeelea

Miaka minne chuoni kazi yangu ilikuwa kutia panya majini. Tulikuwa na koo mbili: mmoja wa panya wa kawaida, mwingine uliozalishwa kizazi baada ya kizazi ili ukate tamaa upesi. Nilitakiwa kupima ni ukoo upi unaofanana zaidi na mtu mwenye sonona, ile huzuni isiyomwachia mtu nguvu hata ya kunawa uso. Panya akiogelea, niliandika: anapambana. Akielea tu, pua juu, niliandika: amekata tamaa. Nikapewa shahada. Iko ukutani.

Mwaka jana nilirudi Baraka, mji wetu kando ya ziwa, kumwona kaka yangu, mvuvi. Mtumbwi wake ulikuwa umepinduka mwezi wa tatu upande wa rasi ya Ubwari; yeye aliokolewa, mwanawe mkubwa akazama. Tangu siku hiyo hakutoka kitandani. Mke wake aliniita kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea huzuni.

Nilikaa kando ya kitanda, nikamweleza habari za panya. Akacheka kidogo.

"Profesa, ule panya mwenye kuelea iko na akili. Mu ziwa, mwenye kupigapiga maji ndiye anakufa. Batoto betu tunabafundisha: lala juu ya maji, ngojea bantu bakuje kukuvuta."

Nilifurahi mno. Hoja ya kubomoa tasnifu yangu nzima, na imetoka kitandani! Nikatoa daftari. Nilikuwa bado naandika alipougeukia ukuta.

"Wangu alipigapiga," akasema.

Nilimalizia sentensi yangu kwanza.

Nje, shemeji alikuwa anaanika dagaa; alikuwa ametusikia kupitia dirishani. Nikamwambia amwache, anapumzika tu, anaelea, hiyo ndiyo akili ya wavuvi.

"Shemeji, bale panya benu, nani alikuwa anabatosha mu maji, anabaleta inje?"

"Sisi."

"Kisha dakika ngapi?"

"Chache. Halafu tuliwafuta kwa taulo."

"Huyu iko mu maji tangu mwezi wa tatu. Taulo yake iko wapi?"

Nilimjibu kwa Kifaransa, lugha ya chuoni. Kesho yake nikapanda pikipiki kwenda Uvira, daftari mfukoni. Maneno ya kaka niliyatia katika makala, na wasomaji waliyasifu sana. Shemeji anasema kaka bado ameugeukia ukuta.