Mpaka Rubani Apunge Mkono

Mtaani tulimwita Mzee Kabari kwa sababu ya kazi iliyomla ujana wake: kuweka kabari kwenye magurudumu ya ndege iliyoegeshwa, na kuziondoa inapotaka kwenda. Alipostaafu alikuwa amekwisha kufiwa na mkewe, na binti yake wa pekee aliishi ng'ambo. Binti hakuja, alituma kompyuta. Siku hizi zawadi imekuwa mguu wa mtu asiyetaka kutembea.

Fundi aliweka humo mchezo wa kurusha ndege, akaongeza na ile programu inayoleta watumishi wa uwanjani, maana hiyo ndiyo aliyoitaka mzee. Ukikaa kwenye nafasi ya rubani unawaita kwa kubonyeza: gari la mafuta linakuja, ngazi inasogezwa, mabegi yanapanda kwenye mkanda moja moja, trekta inajifunga kwenye gurudumu la mbele. Mzee alikaa sebuleni akiwatazama wakifanya kazi, kando yake kiti cha marehemu kikiwa kimejaa nguo zilizoanuliwa. Ndege ikishasukumwa na injini kuwaka, alizima mashine. Hakuwahi kuruka. Kinyozi wa jirani alimtania kwamba yeye ni sawa na mtu anayevaa suti akaishia mlangoni mwa ukumbi wa harusi. Mzee alicheka, akasema harusi ina wenyewe, kazi yake yeye ni ya mlangoni.

Mwaka huu binti alikuja. Hakumjia baba hasa. Alikuwa na mkutano mjini, akapata nafasi ya kulala kwao. Mzee alinunua mashuka mapya, akayafua kabla ya kuyatandika. Alasiri binti alivuta kigoda akakaa karibu naye mbele ya kompyuta. Kwenye kioo, mtu aliyevaa fulana ya kung'aa alikuwa amesimama pembeni mwa ndege, ameinua pini yenye utepe mrefu mwekundu.

"Huyu naye anataka nini?" binti akauliza.

Mzee alimweleza. Pini ile huchomekwa kwenye gurudumu la mbele ili trekta iweze kuligeuza bila kuvunja kitu. Ikisahauliwa humo, rubani hawezi kukata kona. Kwa hiyo aliyeitoa huiinua ionekane, na habanduki pale mpaka rubani apunge mkono.

"Na wewe unapungaje?"

"Mchezo hauna kitufe cha kupunga." Akainua mkono mbele ya kioo, kidogo, kama anayefukuza inzi, akaushusha.

Binti akacheka. "Baba, huyo si mtu."

"Najua si mtu, mwanangu. Lakini amesimama."

Ndipo akamwambia jambo alilokaa nalo miaka yote. Siku binti aliposafiri mara ya kwanza, aliyeshika pini chini ya ndege ile alikuwa yeye. Zamu hiyo aliiomba kwa msimamizi. Rubani alipunga, kazi ikaisha. Lakini mzee akabaki ameinua utepe, anatazama madirisha moja baada ya jingine, mpaka mwenzake akamvuta kwa fulana.

Binti akasema alikuwa dirishani upande huohuo, ila alishateremsha kipazia asione watu wa kwao.

"Kesho nikiondoka nitakupungia, baba," akasema. "Simama tu nikuone."

Kesho yake mzee alivaa shati lililopigwa pasi. Teksi ilipofika aliizunguka akagonga magurudumu kwa kiatu, dereva akamwambia, "Upepo upo, mzee wangu, hii haipai." Simu ya binti ikaita, walikuwa watu wa ofisini kwake. Alimkumbatia babake kwa mkono mmoja, simu ikiwa sikioni, akaingia garini. Mzee alitangulia mbele, akasimama upande wa dirisha lake, akainua mkono.

Gari likampita. Binti alikuwa ameinama, anaongea huku anapekua mkoba. Likakata kona.

Mkono haukushuka. Kinyozi alitoka na kitana chake, mzaha ukiwa mdomoni, akaumeza. Akamwomba aje akae kivulini.

"Ngoja kwanza," mzee akasema, akaendelea kusimama hadi pikipiki ikampigia honi apishe.

Jioni ujumbe uliingia: nimefika salama, baba, samahani, kazini waling'ang'ania, nakupenda. Habari ya mkono haikuwemo. Sisemi binti hampendi babake. Nasema ahadi kubwa watu huzitimiza kwa kuwa zina mashahidi. Ni hizi ndogo zinazotupima.

Mzee aliwasha kompyuta. Mabegi yakapanda, trekta ikasukuma, ikaachia. Mtu wa fulana ya kung'aa akasogea pembeni, akainua utepe wake. Mzee akapunga papo hapo, mkono juu kabisa, asije akamweka mtu juani.