Mstari wa Mjomba Alois

Kila asubuhi, kabla ya uji, mjomba wangu Alois alianika betri za redio kwenye jiwe, zipate nguvu ya taarifa ya habari. Miaka tisa alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi huku Mgeta. Mke hana, mtoto hana. Ubalozi ndio uliomletea watu mlangoni.

Siku ya kuchagua balozi upya, mwaka 1974, alitueleza kwanza wenzetu wanavyotawaliwa. Uingereza malkia hachaguliwi, ila hana amri.

"Sasa anafanya nini?" aliuliza jirani yetu Filomena.

"Anapungia watu mkono."

"Aa, Balozi! Kazi hiyo hata mimi naiweza!"

Tukacheka. Marekani, akaendelea, vyama ni viwili, vinasemana vibaya mpaka siku ya kura. Kwetu chama kimoja, wagombea wawili.

"Huko Marekani aliyeshindwa anafungwa?" aliuliza mzee Kibwana.

"Hafungwi, mzee. Wanapeana mikono, basi."

Kibwana akatikisa kichwa. Mimi pia sikuelewa: watukanane, halafu mikono?

Katibu Hatibu, aliyetoka kata, akawasimamisha wagombea wawili mbali kidogo, nyuso zikitazama mlima. Kila mtu ajipange nyuma ya amtakaye. Nyuma ya Thobias, kijana mkulima wa kabichi, alisimama mkewe Filomena na mzee Kibwana tu. Wengine wote walikuwa kwa mjomba.

Lakini mjomba hakuona nyuma. Alimwona Thobias anatetemeka, akaenda kumpa mkono, kama alivyotufundisha. Na watu, waliozoea kumfuata kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara, na kila mahali, wakamfuata. Mstari mzima ukahamia kwa Thobias.

Hatibu akahesabu. "Thobias, wote. Alois, hakuna."

"Ndugu Katibu, hao ni wangu!"

"Mbona wako huku?"

Mjomba akawageukia. "Jamani, mmenikataa?"

"Tumekufuata, Balozi," walijibu.

"Warudi, basi," Thobias mwenyewe akasema.

"Kura hairudiwi," alisema Hatibu, kalamu ikiandika.

Filomena alifungua mdomo apige kigelegele, akaufunga. Mjomba alimtazama kila mmoja, kisha akavaa kofia akashuka njia ya malori ya mboga. Tulidhani anakwenda kupoza hasira. Lori la Dar likaondoka, na hadi leo hajarudi. Watu bado wanabishana kwetu: alishinda au alishindwa? Mimi nilikuwepo, na sijui.