Kamioneti Iliyokunywa Sana

Siku yangu ya kwanza kama mkuu wa gereji, nilikubali kamioneti yetu iuzwe. Natamani ningekataa.

Kampuni yetu ilinunua magome ya mti wa kwinini kwa wakulima wa upande wa Nyantende, ikayaleta Bukavu kukaushwa. Ilikuwa miaka ya Zaïre, tukiitana citoyen, yaani raia. Directeur, mkurugenzi wetu, aliniita ofisini, akanionyesha dirishani gari dogo jipya.

"Citoyen chef de garage, kamioneti inakunywa esanse sana. Hii ndogo inakunywa kidogo. Ao nasema bongo?"

"Iko vile, citoyen directeur."

Hakusema uongo. Magari yote mawili yakiwa matupu, dogo hushinda. Lakini esanse, yaani petroli, hupimwa pamoja na mzigo. Magunia ambayo kamioneti iliyabeba mara moja, dogo liliyabeba kwa safari tatu, likipanda mlima kwa gia ya kwanza, na gia hiyo ndiyo mlafi. Kijana anayetaka gari leo aanze kujiuliza atabeba nini. Kwa mtu wa ofisi anayetoka Bagira kwenda mjini, dogo latosha kabisa. Kwa magome, hapana. Hayo yote niliyajua asubuhi ile. Nilinyamaza kwa sababu cheo kilikuwa bado kipya.

Shofa wetu alikuwa Mugisho, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyeniita yaya, yaani kaka mkubwa. Alilizunguka gari akicheka.

"Yaya, hii iko ya kubeba bibi-arusi. Haiko ya magome."

"Utazoea."

"Mimi nitazoea. Na yenyewe itazoea?"

Baada ya muda directeur akauliza mbona esanse haipungui. Hapo pia ningeweza kusema kweli. Badala yake nilimwamuru Mugisho ajaze magunia mpaka kwenye paa, apunguze safari, na kwenye mteremko azime motere, yaani injini, atoe gia, gari lijiendee lenyewe. Tuliita roue libre, na mashofa wengi walifanya hivyo. Lakini motere ikizimwa haisaidii tena kuzuia gari. Uzito wote hubaki kwa breki, na breki zikichemka hazishiki. Za kamioneti zilitengenezwa kwa mizigo. Hizi hazikutengenezwa hivyo.

"Yaya, freni inanuka," aliniambia siku moja.

"Teremuka polepole."

Esanse ikapungua. Directeur akanisifu mbele ya wafanyakazi wote: "Muangalie chef wetu. Huyu anajua kazi." Wiki hiyohiyo mvua ilinyesha, na gari likamshinda Mugisho kwenye kona ya mwisho kabla ya mji.

Nilistaafu nikiheshimiwa. Mpaka leo majirani zangu wa Kasha huja kuniuliza wanunue gari gani, nami hujibu bila kusita, nikianzia kwenye mzigo. Jibu langu ni sahihi. Lilikuwa sahihi hata siku ile ofisini, nikalimeza.

Esanse tuliiokoa. Mugisho alikufa, na mimi ndiye niliyemwambia azime motere.