Kikombe cha Kuonjea Maji

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaposhika kijiko cha kuonjea. Leo imenirudia mchana, wateja walipokwisha kuondoka na wewe ukawa umekwenda Mwanjelwa kununua nyanya. Nikakaa juu ya gunia la mchele wa Ubaruku, nikaiacha inirudie yote. Sasa umerudi, weka kapu chini ukae. Vyombo vinaweza kusubiri, havina pa kwenda.

Unajua kwamba usichana wangu niliuanzia Kilolo, kwenye jiko la Mwalimu Henrik na mkewe, Mama Karin. Walikuwa Wazungu, lakini walikaa Uhehe muda mrefu hata Mwalimu akawa anaamkia watu "kamwene" kabla hajakumbuka Kiswahili. Yeye alifundisha useremala shule ya misheni, mimi niliwapikia. Walipostaafu walirudi kwao, tukalia, tukajua ndiyo basi. Kumbe kwao hawakuweza kukaa. Walinunua boti ya matanga, wakasafiri nayo hadi Tanga, na kutoka Tanga wakampigia mama yangu simu kuuliza kama Lusia bado anajua kupika, na kama anaogopa maji. Mama akawaambia kupika najua. Hilo la pili hakulijibu.

Nikaenda. Boti yenyewe ilikuwa ndogo, chumba cha kulala na jiko vimebanana, ukijinyoosha unagonga sufuria. Nilitapika mpaka nikajuta kuzaliwa, kisha mwili ukazoea, nikaanza kupika ugali huku nimejifunga kamba kiunoni. Cheka tu. Hata Mama Karin alicheka.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa mashine ya maji. Ilikuwa ya kubeba mkononi, mfano wa pampu kubwa ya baiskeli, na ilikaa kwenye begi lake kama mtoto mchanga. Mpira mmoja unautumbukiza baharini, mwingine unarudisha baharini maji ya chumvi kali, na wa tatu, mwembamba sana, unatoa maji ya kunywa. Unashika mkono wa chuma, unapiga juu, chini, juu, chini, kwa mwendo uleule. Ukichoka ukaanza kupiga kivivu, chumvi inapita. Maji ya mwanzo yanamwagwa, hayanywewi. Mimi mtu wa Kilolo, niliyekulia penye vijito vinavyopiga kelele usiku kucha, nikatazama watu wanavyoikamua bahari kama ng'ombe asiye na maziwa, nikaona huruma.

Mwalimu aliiwekea mashine ile sheria. Mpira mwembamba haupelekwi moja kwa moja kwenye tangi, hata iweje. Maji yanakingwa kwenye dumu, yanaonjwa kwa kikombe kidogo cha bati, yakiwa mazuri ndipo yanamiminwa tangini. Dumu moja la chumvi likiingia, limeharibu yote yaliyokuwemo. Mwonjaji alikuwa yeye mwenyewe, maana ndiye nahodha.

Sheria ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa ulimi wa Mwalimu.

Mimi mpishi nilikuwa nimeshajua. Alipata mafua mabaya kabla sijafika, na yalipoondoka yaliondoka na ladha yote. Alikuwa anatia chumvi kwenye mayai kabla ya kuonja, na akishaonja anatia tena. Siku moja nilisahau sukari kwenye chai yake, akanywa mpaka mwisho, akasema asante, chai nzuri. Sikusema neno. Nyumbani nilifundishwa kumpokea mzee kwa mikono miwili na kukunja goti. Namna ya kumwambia mzee kwamba kiungo chake kimoja hakifanyi kazi sikufundishwa. Halafu nilijua kwa nini anaficha. Watoto wao walikuwa wanapiga simu kila tulipofika bandarini, wanamwambia, baba umezeeka, uza hiyo boti urudi. Alikuwa anawajibu kwamba hana hata kidole kinachouma.

Sasa sikiliza. Tulitoka Tanga kwenda Komoro. Katikati ya safari injini ikafa, na upepo nao ukakata. Matanga yakaning'inia kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Mama Karin akashikwa na tumbo, anaharisha na kutapika, macho yakaingia ndani. Na wakati huohuo tukagundua kwamba tangi moja la maji limepasuka, maji yote yameishia chini ya sakafu yakachanganyika na oili. Likabaki tangi la pili, ambalo halikufika hata nusu.

Mgonjwa nilikuwa namchanganyia maji yenye sukari na chumvi kidogo, kama tunavyofundishwa kliniki, namnywesha kwa kijiko. Unajua wewe mwenyewe, chumvi ikizidi pale, badala ya kumponya unamkausha. Kwa hiyo uhai wa Mama Karin ulikuwa ndani ya tangi lile. Nilikuwa nikilipita nalipapasa kwa kiganja.

Mwalimu akakaa nje juani, akapiga mashine. Alikuwa mtu mzima, nywele nyeupe, mishipa imemsimama mikononi. Nikamwambia nimpokee, akakataa, akasema yule ndani ni mke wake. Akapiga mpaka dumu likapata maji ya kutosha. Mimi nikafungua mdomo wa tangi, nikaweka faneli, nikasubiri. Akachota kwa kile kikombe cha bati, akaonja, akafumba macho.

"Matamu," akasema. "Kama ya kwenu mlimani."

Akaniletea dumu. Wakati ananipokeza, maji kidogo yakanirukia mkononi, nami bila kufikiri nikalamba. Mwanangu, yalikuwa chumvi. Si chumvi ya kukisia, ni ya kukufanya ukunje uso.

Hapo nikasimama na dumu mkononi, tangi liko wazi miguuni pangu. Mzee ananitazama kwa uso wa furaha ambao sikuwa nimeuona tangu mkewe alale. Nikiyamimina tangini, Mama Karin anakufa mikononi mwangu. Nikisema, "Baba, yana chumvi," nimemwambia mbele ya bahari nzima kwamba hafai tena kuwa nahodha, na mkewe anasikia, mlango uko wazi.

Kilichonisaidia ni bibi yangu na ulanzi wake. Wewe umekulia mjini Mbeya, ulanzi umeuona kwenye chupa za barabarani tu. Kwetu wakati wa mvua mianzi inakatwa ncha, pombe inadondoka yenyewe, na bibi aligema ingawa mzee wa kanisa alimsema kila Jumapili, kisha akapita jioni kuulizia hali. Mgeni akija, bibi hakumpa kikombe hivihivi. Alimimina, akanywa yeye kwanza mbele ya macho ya mgeni, ndipo akamimina tena akampa. Anayegawa anatangulia, ili mgeni ajue kinywaji hakina ubaya. Mgeni hawezi kukataa utaratibu ule, na wala haumvunjii heshima. Ni heshima yenyewe.

Na Mwalimu alikuwa amekunywa ulanzi wa bibi yangu mara nyingi, ingawa shuleni hakusema.

Nikaweka dumu chini. Nikapiga goti kidogo kama nyumbani, nikanyoosha mikono miwili.

"Baba, kwa bibi yangu, ulanzi nani alikuwa anaonja kwanza?"

Akashangaa. "Anayegawa."

"Na humu ndani maji nagawa mimi. Nimekuachia kazi yangu siku zote. Naomba kikombe."

Akanitazama. Nilidhani atakasirika, maana hasira alikuwa nazo. Akanipa kikombe. Nikachota, nikanywa, nikakirudisha kwa mikono miwili.

"Baba, haya bado," nikasema, kwa sauti ya chini, ya kumfikia yeye peke yake.

"Bado?"

"Bado yana chumvi."

Akachota tena, akaonja tena, akayazungusha mdomoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta funguo mfukoni na anajua hazimo. Kisha akakaa chini. Akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikamwambia, tangu Tanga, baba. Akatikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga, na mimi yangu yalishuka kabisa. Sikuona aibu, hata sasa sioni.

Akajifuta macho, akasema, "Ulimi umeniacha. Mikono bado ninayo." Akaifungua mashine palepale juu ya taulo. Ndani palikuwa na kipete cha mpira kilicholika upande mmoja, akakitoa, akaweka kipya kutoka kwenye kopo la vipuri, akaipaka mafuta yake maalumu, akafunga. Mikono ile ilijua kila kitu. Tukapiga upya, safari hii kwa zamu, maana nilimwambia mgawaji pia anataka kukaza misuli. Maji ya mwanzo tukamwaga. Ya pili nikaonja, nikamwaga. Yaliyofuata nikaonja, nikaonja tena kwa kuogopa kujidanganya.

"Vipi?" akauliza.

"Haya mpe mkeo."

Akaenda kumpa yeye mwenyewe, na huko ndani akamweleza yote. Nilisikia anavyokwama kwenye maneno, akianza Kiswahili, akirudia kwa lugha yao. Nilipoingia na kijiko, Mama Karin alikuwa amemshika mkono. Akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisahau, kwa sauti ya mgonjwa.

"Lusia, mimi nilijua kabla yako. Nilikuwa nampunguzia chumvi mezani asione, akikosea chai nabadilisha vikombe. Nilidhani nampenda. Kumbe nilikuwa namwacha peke yake."

Upepo ulirudi baadaye, nasi tukafika Komoro, Mama Karin akiwa ameegemea mto na kulalamika kwamba uji wangu ni mzito. Hapo nikajua amepona. Tangu siku ile utaratibu wa boti ulibadilika. Mwalimu alipiga mashine, mimi nilionja, na kikombe cha bati kilining'inia upande wangu wa jiko. Nahodha aliendelea kuwa nahodha. Na watoto wao walipopiga simu aliwaambia ukweli, kwamba ulimi umekwenda, lakini ana mtu wa kuonja.

Mwanangu, sasa nikuambie kwa nini nimekukalisha.

Leo mchana nilipopakua maharage ya mwisho, kijiko kiligonga kitu chini ya sufuria. Nikatoa kiazi mviringo. Nikatafuta, nikatoa kingine. Mimi kwenye maharage yangu siweki viazi. Viazi vibichi huwekwa na mtu anayetaka kuvuta chumvi iliyozidi, na mama yako, mdogo wangu, Mungu amrehemu, alikufundisha hilo mbele yangu. Nikakumbuka madereva wa malori ya Tunduma waliobakiza chakula wiki iliyopita. Nikakumbuka unavyowahi kufunua sufuria nikigeuka. Nikajua umekuwa ukinifichia, na kwamba umekuwa ukifanya hivyo kwa muda.

Usiinamishe kichwa. Sijakasirika. Nilikaa kwenye gunia nikalia, ni kweli, maana mgahawa huu umesimama kwa ulimi wangu, na hakuna mtu anayependa kuona kitu chake kinaondoka kimyakimya. Lakini nililia pia kwa sababu nina mtoto anayenionea huruma kiasi hicho, anakimbia na viazi mfukoni ili mama yake mkubwa asiaibike.

Nasaha yangu ni hii. Ukiona mkubwa wako amepungukiwa na kitu, usimtangaze mbele ya watu, na wala usimfichie milele. Ukimtangaza, umemvua nguo. Ukimfichia, umemwacha anaendesha boti akiamini yuko salama, na siku mambo yakiharibika mnaumia wote, pamoja na mgonjwa aliyelala ndani anayengoja kijiko cha maji. Nenda karibu naye, wawili tu, utumie utaratibu anaoujua na kuuheshimu, umwombe ile kazi kama vile anakupa zawadi. Mwombe kikombe. Wengi wetu wakubwa tumekuwa tukisubiri kuombwa, ila tunaogopa kukitoa wenyewe. Na akikukatalia mara ya kwanza, usichoke, rudi kesho yake. Kisha mwachie yale ambayo bado anayaweza, maana yapo. Mimi bado najua moto, najua mchele upi wa Ubaruku na upi umechanganywa, na mteja yupi anasema atalipa kesho na halipi.

Mungu wa bibi zetu akutunze, mwanangu. Ulimi wako ukae na ladha yake mpaka mvi zikujae, na ukitangulia kukuacha, asikosekane mtoto wa kukupigia goti na kukuomba kikombe.

Haya, inuka. Maharage ya jioni yako motoni na sijayagusa. Kijiko hiki hapa, kipokee kwa mikono miwili. Onja wewe, uniambie.