Vibuyu Nilivyoviosha kwa Sabuni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, najua wengi wenu mna pasipoti mfukoni na picha za theluji kwenye simu. Mnasema mnakwenda kuanza maisha nchi nyingine. Vizuri. Nendeni, mimi simzuii mtu. Ila kabla hujapanda hiyo ndege yako, kaa hapa kidogo nikuambie habari za mtu aliyehamia nchi nyingine kwa basi, akiwa na miaka sitini na kitu, na darasa lake la tatu, na furushi la dagaa, na akili nyingi kupita kiasi. Hizo akili ndizo zilizoniponza.

Nilitoka Musoma. Asubuhi nilikunywa uji kwangu, jua linanichoma kisogo, na jioni nilikuwa ng'ambo ya mpaka, karibu na Kaplong, nimevaa sweta mbili za mwanangu, moja juu ya nyingine, meno yanagongana. Kwenye simu mwanangu alikuwa ameniambia huku kuna hali ya hewa nzuri. Nzuri kweli. Nzuri ya kuhifadhia nyama.

Sikuja kutembea. Mwanangu ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha majani chai, na alikuwa amekaa miaka mitano na binti wa huku, wana mtoto wa kike, na wazazi wa huyo binti hawajawahi hata siku moja kukanyaga kwake. Hawakumtukana. Walisema tu kwamba kijana hana watu. Baba hana, mjomba hana, hata shangazi wa kugombana naye hana. Waje waongee na nani, ukuta? Baada ya kubembelezwa sana wakakubali: tutakuja Jumamosi, tukikuta watu wake tutamwita mkwe, tusipokuta tutarudi na binti yetu na mtoto. Sasa baba wa mwanangu alikwisha kufa, na ndugu zangu kila mmoja alikuwa na goti linalomuuma ghafla. Kwa hiyo hao watu waliotakiwa, wote kwa jumla, walikuwa mimi.

Nilifika Jumapili. Nikasema nina siku sita za kuijua hii nchi, zinatosha na kubaki.

Jumatatu niligundua kwamba huku mvua haina haja ya kukuuliza. Asubuhi jua zuri, unaanika nguo unajisifu, ikifika saa nane mchana inamwagika kama imeajiriwa. Watu wa hapa wanaanua nguo zao saa saba na nusu bila hata kutazama juu. Mimi nilianua zangu zikiwa zinaogelea.

Jumanne niligundua chai. Chai ya kuamka, chai ya saa nne, chai ya mchana, chai ya mgeni, chai ya mgeni anapoondoka ili asiende na njaa njiani. Maziwa tele mpaka rangi ya chai inabaki hadithi. Na hapo nje mlangoni milima yote imefunikwa na chai, kijani mpaka macho yanachoka. Nikamwona mke wa mwanangu amerudi kutoka dukani na pakiti ya majani.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hayo mnayolima yana kasoro gani?"

"Hiyo ni ya kupeleka kituoni, mama. Inaenda kiwanda."

"Na hii?"

"Hii imetoka kiwanda."

Nikabandika maji. Mtu akikujibu vizuri namna hiyo, unampikia chai.

Jumatano nilipewa kikapu nikachume. Nilidhani kuchuma majani ni kuchuma majani. Nikanyakua kama ninayechuma kisamvu, matawi na vyote, nikajaza kikapu kabla wenzangu hata hawajafunika sakafu ya vyao. Jirani, mama mmoja mtu mzima ambaye shamba lake linapakana na letu, alikuja akachungulia kikapu changu. Akachagua majani mawili na kichipukizi chao, akanishikisha mkononi kwa heshima kubwa.

"Hii ndiyo chai, mama," akasema. "Hiyo ingine yote ni ya mbuzi. Unayo mbuzi?"

"Sina."

"Basi utafute."

Mngedhani mtu akifedheheshwa hivyo Jumatano, Alhamisi atakaa chini atulie. Mimi? Alhamisi niliamka na nguvu mpya.

Mke wa mwanangu alikuwa ameenda sokoni Chepilat kutafuta vitu vya wageni, na mtoto mgongoni. Mwanangu kazini. Nikabaki na nyumba na mbwa. Nikasema nisafishe jikoni, wageni wasije wakasema mama wa kijana ni mchafu. Nikafagia, nikasugua masufuria, halafu kwenye kona ya baridi nyuma ya mlango nikakuta vibuyu vitatu virefu, vina vifuniko vya ngozi na shanga nzuri shingoni. Nje vinang'aa. Nikafungua kimoja.

Ndani palikuwa peusi kama bomba la moshi. Na maziwa yalikuwemo, mazito, rangi ya kijivu, yana vidoa vyeusi, yananuka moshi na uchachu. Nikafungua cha pili, vilevile. Cha tatu, vilevile. Nikakaa kwenye kigoda nikamhurumia mwanangu. Nikasema, ndiyo maana kanitumia nauli. Kijana ameoa mwanamke mzuri wa sura, anayesahau maziwa mpaka yanaota masizi.

Mbwa nilimwita mara moja tu. Aliyanywa yote, vibuyu vitatu, kisha akalala kwa ubavu kama mwenyekiti aliyetoka harusini.

Halafu nikachemsha maji. Nikatia sabuni ya unga, siyo kidogo. Nikatia mchanga, nikatikisa. Nikafunga kitambaa kwenye kijiti nikasugua mpaka mkono ukafa ganzi. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi, ya sita kijivu, ya tisa yakaanza kuwa na aibu. Nilipomaliza, ndani ya vibuyu palikuwa peupe kama jino la mtoto. Nikavianika juani, na niwaambie ukweli, nilianua kabla ya saa nane. Nilikuwa nimejifunza.

Mke wa mwanangu aliporudi nilimpokea mlangoni. "Njoo uone vyombo vyako."

Akaona. Akamshusha mtoto taratibu. Akachukua kibuyu kimoja, akanusa, akakaa chini hapohapo kwenye nyasi.

"Mama. Umeosha?"

"Nimeosha. Vyote vitatu."

"Na maziwa?"

"Nimempa mbwa."

"Yote?"

"Yalikuwa yameharibika."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alizungumza polepole, kama mtu anayehesabu mayai yaliyovunjika. Yale yalikuwa mursik. Maziwa hayo ya moshi ndiyo wanayompa mgeni wa heshima, na msichana wa huku anapotembelewa na wazazi wake kwa mara ya kwanza, kikombe hicho ndicho kinachosema kama ana nyumba au amejibanza tu mahali. Unachoma kijiti cha mti wanaouita senetwet, unasaga kaa lake ndani ya kibuyu mpaka kinashika weusi, ndipo unatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, na unayaacha siku nyingi yakomae. Ule weusi niliousugua ulikuwa kazi ya miaka mitano. Na wazazi wanakuja keshokutwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Ndiyo, niliuliza hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira.

"Nilifikiri kila mtu anajua," akasema, na hapo ndipo akaanza kulia.

Jirani akaitwa. Akanusa kibuyu, akakigeuza, akanusa tena.

"Hii imeoga kunishinda mimi," akasema. "Hii inaweza kwenda kanisa peke yake."

"Itafaa Jumamosi?" mke wa mwanangu akauliza.

"Ukitia maziwa hapa Jumamosi, mgeni atatoa povu." Akanitazama juu mpaka chini. "Kwenu hamna kibuyu?"

"Kwetu kuna samaki," nikamjibu.

"Na samaki mnaosha na sabuni?"

Nikaingia ndani na sabuni yangu. Lakini ndiye aliyeleta kibuyu chake mwenyewe, kimejaa, Ijumaa asubuhi, na hakutaka asante. Wakakubaliana, yeye na mke wa mwanangu, kwamba kitamiminwa kama cha nyumbani na watu wote wafunge midomo. Mwanangu naye akaitikia kwa kichwa. Mimi sikuulizwa. Ila nilimsikia mke wa mwanangu akinong'ona, "Mama yangu ataonja. Anajua mkono wangu."

Jumamosi walikuja wanne: baba wa binti, mama yake, na wazee wawili wa ukoo wenye makoti mazito. Tulisalimiana mpaka mkono ukachoka. Baba wa binti akaniangalia, mimi peke yangu kwenye kochi la watu watatu, akauliza kwa upole kama wengine wako njiani. Mwanangu akasema mama ndiye aliyeweza kufika. Mzee akasema, "Eeh." Eeh hiyo ilikuwa na uzito wa gunia.

Vikombe vikaletwa. Mzee akanywa. Wazee wa makoti wakanywa. Mama wa binti akaonja kidogo, akaweka kikombe juu ya meza, akamtazama binti yake.

"Hii ni ya nani?"

Mke wa mwanangu alitazama sakafu. Mwanangu alitazama viatu vyake, mafuta ya mashine bado yako kwenye kucha. Nikaona miaka mitano inaondoka pale na mtoto mgongoni, kwa sababu ya uongo mdogo wa kikombe kimoja. Na mimi uongo sikufundishwa, hata ule wa manufaa.

"Ni ya jirani," nikasema. "Ya binti yako ilikuwepo, vibuyu vitatu. Nilimpa mbwa."

Chumba kizima kiligeuka. Nikaendelea, maana nilikwisha kuanza. Nikawaambia masizi, mchanga, sabuni, maji mara tisa. Nikawaambia binti yao hana kosa, mpumbavu ni mimi, na kwamba mtoto wao anatunza vibuyu vizuri kiasi kwamba ilinichukua mchana mzima kuviharibu.

Mama wa binti aliomba aletewe kimoja. Akaingiza pua. Akaitoa haraka.

"Na mbwa alisema nini?" akauliza.

"Alimaliza yote."

"Basi mkwe, hiyo mbwa iko na akili kukushinda."

Mzee wa koti mmoja alicheka kwanza, akapaliwa, ikabidi apigwe mgongo. Wengine wakafuata. Baba wa binti hakucheka. Alisubiri wakamaliza, ndipo akasema:

"Sisi tuliambiwa huyu kijana hana watu. Lakini mtu bila watu, nani anaweza kumharibia kazi namna hii? Hii ni mama. Mama kabisa."

Kisha akamgeukia mwanangu na kumwita mkwe. Hivyo tu, kama anayeomba apitishiwe chumvi. Mwanangu alitoka nje kwa muda, akasema anakwenda kumwangalia mbwa.

Nilikuwa nimekuja kwa wiki mbili. Mama wa binti alikataa niondoke kabla sijavirudishia vibuyu vya binti yake weusi wao, na hakuna mwalimu mkali kama yule. Alikuja kila Jumanne na vijiti vya senetwet kwapani. Nikichoma vibaya ananinyang'anya. Nikisaga kwa haraka anauliza kama mbwa ananisubiri. Harufu ya sabuni ilikaa wiki saba. Zilipokwisha nilikuwa nimezoea kuanua nguo saa saba na nusu, na nyumba yangu ndogo ilikuwa imejengwa nyuma ya ile ya mwanangu, na hakuna aliyeuliza tena kuhusu basi la kurudi.

Lakini jioni ileile ya Jumamosi, wageni walipokwisha kwenda na chai yao ya njiani tumboni, niliwakusanya mwanangu na mke wake jikoni, wote wawili wamesimama, mtoto mkononi. Nikawaambia: "Kuanzia leo, mgeni yeyote akiingia nyumba hii, awe mama yenu, awe askofu, kabla ya kiti na kabla ya chai, mleteni kwanza hapa. Mfungulieni kila chombo, mwambieni ni cha nini. Na asiposhika mara ya kwanza, mwambieni tena, bila kucheka."