Hoja Mbovu Niliyoisema kwenye Treni

Jamani, hili hata ndugu zangu wa nyumbani sijawaambia, maana mtu mzima kuaibika mbele ya kanisa zima, kikombe cha chai mkononi, kwa sababu ya maswali ya mtihani, nani atakuelewa? Lakini nimechoka kulibeba peke yangu.

Mimi ni mfanya usafi hospitalini huku Westmead, Sydney, na nimepanga chumba Toongabbie kwenye nyumba ya watu ambao tukikutana jikoni tunasalimiana kwa nyusi. Mwaka huu nikajitia kutaka kusoma sheria, na chuo hakikupokei mpaka ufanye mtihani wa kufikiri. Humo kuna maswali yaliyonitoa jasho: unapewa hoja, halafu unatafuta hoja nyingine iliyojengwa vilevile, hata kama inazungumzia mambo mengine kabisa, na kama ya kwanza ni mbovu, basi jibu nalo liwe bovu kwa namna ileile. Kwa mfano, kila paka anakunywa maziwa, Paulo anakunywa maziwa, kwa hiyo Paulo ni paka. (Msicheke, kwa Kiingereza na saa inakimbia, utamkubali Paulo na mkia wake.)

Nikagundua kwamba nikizitunga kwa Kiswahili, na kwa watu ninaowajua, zinaingia kichwani. Shida ni kwamba watu ninaowajua Sydney nzima ni wa kanisani tu, na kati yao wa karibu ni mmoja, Mama Neema, mjane wa Kirundi aliyekulia kambini Kigoma. Yeye ndiye aliyenipokea nilipofika, na kila Jumapili baada ya ibada alikuwa ananikalisha mezani kwake, na kwa kweli kwa wiki nzima hapo ndipo nilipokuwa nakula na mtu. Sasa Mama Neema akaacha kuja kanisani, wiki ya kwanza, ya pili, na mimi badala ya kuuliza nikanuna, nikasema labda kanichoka.

Basi asubuhi moja niko kwenye treni naenda kazini, nikaamua kufanya zoezi kwa sauti, na ili nisionekane nimerukwa na akili nikaweka simu sikioni. Nikasema, taratibu kama mwalimu, kwamba kila mwanamke wa kanisani kwetu aliyeolewa na Mzungu ameacha kuja kanisani, Mama Neema naye ameacha kuja kanisani, kwa hiyo Mama Neema ameolewa na Mzungu. Nikafurahi, hoja mbovu safi kabisa. Nilijua hakuna anayenielewa mle ndani, Kiswahili huku si tunakitumia kama chumba cha kujifungia?

Kumbe kiti cha nyuma yangu amekaa Chantal wa kwaya. Tulipokuwa tunashuka Westmead akaniambia Bwana asifiwe, kaka Eliya, kwa upole ambao ungenishtua kama ningekuwa na akili.

Jumapili iliyofuata yule Mzungu wa hoja yangu, midomoni mwa watu, alishapata shamba na ndevu, na akina mama walishachagua kitenge cha sare ya sherehe. Kwenye chai ya baada ya ibada nikajaribu kumwambia mzee mmoja wa kanisa kwamba mtu anaweza kuacha kuja kwa sababu mia, kwamba hoja yenyewe haisimami, naye akanipiga bega akasema lisemwalo lipo. Nikaanza kumweleza habari za Paulo na maziwa. Akaenda kuongeza chai.

Hapo ndipo Mama Neema alipoingia, na sare ya kazi mwilini, ametoka moja kwa moja kwenye nyumba ya kulea wazee ambako (tulikuja kujua siku hiyo) walimhamishia shifti ya Jumapili. Akina mama wakapiga vigelegele. Akauliza vya nini, akaambiwa. Akauliza nani kasema, Chantal akaninyooshea kidole, akasema alinisikia kwa masikio yake nikimhadithia mtu kwenye simu.

Mama Neema akanigeukia.

"Eliya, mwanangu, ulikuwa unaongea na nani?"

Ningeweza kudanganya, nikasema binamu. Lakini yale macho yalikuwa yananiangalia mimi tu.

"Sikuwa naongea na mtu, mama. Hakukuwa na mtu kwenye simu."

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, hata watoto ambao Kiswahili wanakisikia nusu. Yeye hakucheka.

"Wiki zote hizi hakuna aliyeniuliza niko wapi," akasema. "Na wewe simu ulikuwa nayo sikioni. Ungenipigia mimi."

Akaondoka bila chai. Nilitamani ardhi inimeze, na nililia kwenye treni ya kurudi, wala sikujificha.

Mtihani nilifanya, na yale maswali yalinitiririkia kama maji. Ila nimeapa, nikitaka kujua habari za mtu namuuliza mwenyewe. Mama Neema nampigia kila Jumatano, mara nyingi hapokei. Wiki iliyopita alipokea, akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, mama. Sikuwa nimekula.